Gari moja, betri mbili: tusilipie tusichokijua

Asubuhi moja ya siku ya kazi, mwalimu mstaafu wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam alibonyeza kitufe cha kuwashia gari lake, na gari likakataa. Gari lenyewe ni Toyota Prius ya mitumba kutoka Japani, ambalo alilinunua kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Hakusikia stata ikijikokota wala injini ikikohoa. Alichokiona ni taa za dashibodi zikiwaka karibu zote kwa pamoja, nyingine nyekundu, nyingine za manjano, kisha zikafifia. Fundi aliyeitwa alizitazama taa zile, akatikisa kichwa na kusema, "Pole sana, Mwalimu. Betri ya haibridi imekwisha." Gharama aliyoitaja ilimfanya mzee wetu aanze kufikiri ni kipi akiuze kwanza, gari au kiwanja.

Kabla hajaamua, alipita kijana mwingine wa mtaani ambaye naye ni fundi umeme wa magari.

"Shikamoo, Mwalimu. Wamekupimia ile betri ndogo?"

"Marahaba. Kwani ziko ngapi?"

Kijana alitoa mita yake ya volti, akagusisha nyaya zake mbili kwenye betri iliyofichwa nyuma ya gari, ndani ya buti. Mita ilionyesha volti 9 na kidogo, mahali ambapo zilitakiwa volti 12 na zaidi. Betri iliyokuwa imekufa ni ile ndogo, ambayo kwa bei ni jamaa ya betri za magari yote tunayoyajua. Siku ile ile ilinunuliwa nyingine, na gari likawaka.

Swali la mwalimu, "Kwani ziko ngapi?", ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Hatumcheki mzee wetu kwa kuliuliza. Kinachotusikitisha ni kwamba wananchi wengi wananunua magari ya aina hii kwa fedha walizozichuma kwa jasho la miaka mingi, na hakuna mtu anayewaambia jambo hili moja la msingi: gari la haibridi lina betri mbili, kila moja ina kazi yake, kila moja hufa kwa namna yake, na bei ya moja iko mbali kabisa na bei ya nyingine. Asiyezijua zote mbili huweza kudhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza anaponunua gari na mara ya pili anapolitengeneza.

Tuanze na gari la kawaida, ambalo wengi wetu tumelizoea. Ndani yake mna betri moja ya risasi na asidi, aina ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Betri hiyo ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo, na zikiungana hufikia volti 12 na nusu hivi. Dereva anapozungusha ufunguo, umeme mwingi sana hukimbilia kwenye mota ndogo iitwayo stata, nayo huisukuma injini izunguke mpaka petroli ishike moto. Stata ya umeme ilianza kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kazi ya mhandisi Charles Kettering wa Marekani, na tangu hapo madereva wakapumzika na kuzungusha injini kwa mkono. Injini ikishawaka, altaneta huirudishia betri umeme iliokopesha.

Mpangilio huo una fadhila moja ambayo hatuithamini mpaka tuikose. Betri ikianza kuchoka, stata hutuambia. Huzunguka kwa uvivu, hulalamika asubuhi za baridi, na dereva mwenye sikio hujua kwamba siku za betri yake zinahesabika. Hata ikifa ghafula, vijana wanne wa mtaani hulisukuma gari lenye gia za mkono, dereva akaachia klachi, na safari ikaendelea.

Gari la haibridi limejengwa kwa namna nyingine. Ndani yake mna injini ya petroli pamoja na mota za umeme, na kompyuta huamua ni lini ifanye kazi injini, ni lini ifanye mota, na ni lini zishirikiane. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwezi wa Desemba, mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 ikaisambaza katika nchi nyingine. Gari dogo la Aqua lilitoka mwishoni mwa mwaka 2011. Honda nayo ilitoa Insight yake mwaka 1999, na baadaye ikafuatisha Fit ya haibridi. Haya ndiyo majina tunayokutana nayo leo barabarani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Kampala, kwa sababu Japani nako huendesha kushoto kama sisi, na magari yake yaliyotumika huletwa kwetu kwa meli.

Betri kubwa ya gari hilo ndiyo inayoziendesha mota. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2003, na ya kizazi cha tatu, iliyoanza mwaka 2009, betri hiyo hukaa nyuma ya kiti cha nyuma. Imeundwa kwa pakiti 28 zilizopangwa kama vitabu katika kabati, kila pakiti ikiwa na seli 6, na kila seli ikitoa volti 1.2. Msomaji akizidisha atapata seli 168 na jumla ya volti 201.6. Aqua ina pakiti 20, yaani seli 120 na volti 144. Seli hizo hazina risasi wala asidi ya betri tunazozijua. Ni za nikeli, ingawa magari mengine ya miaka ya karibuni hutumia lithiamu.

Gari linapokwenda, umeme wa betri kubwa hupitia chombo kiitwacho inveta, ambacho huupandisha na kuugeuza ufae kwa mota. Katika Prius ya kizazi cha tatu huweza kupandishwa mpaka volti 650. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo gari la kawaida lingeipoteza kwa joto la breki hurudi betrini. Ndiyo maana magari haya huokoa mafuta zaidi katika foleni za mjini kuliko katika barabara ndefu isiyo na vituo, na ndiyo maana dereva wa teksi huyapenda.

Je, betri ndogo ya volti 12 inabaki na kazi gani? Hapa ndipo penye siri iliyomkwaza mwalimu wetu. Betri ndogo haizungushi injini hata kidogo. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta. Dereva anapokanyaga breki na kubonyeza kitufe, betri ndogo huzipa kompyuta umeme, nazo hujikagua, hukagua betri kubwa, na zikiridhika hufunga swichi nzito za umeme zilizoko ndani ya sanduku la betri kubwa. Swichi hizo hazifungwi zote kwa mpigo. Inayotangulia huupitisha umeme polepole katika kizuizi ili usiruke cheche, kisha hufuata ile ya kuufungulia kwa wingi. Mwenye kusikiliza vizuri husikia vilio vidogo, "tk, tk", kutoka nyuma ya gari. Hapo ndipo huwaka taa yenye neno READY, na gari liko tayari kwa safari hata kama injini imelala kimya.

Injini nayo inapohitajika, betri kubwa ndiyo inayoipa nguvu mota mojawapo iizungushe mpaka kiasi cha mizunguko 1,000 kwa dakika, mara kadhaa zaidi ya ile ambayo stata ya kawaida huweza. Petroli na cheche hufuata baadaye, na ndiyo sababu abiria hausikii mtikisiko wa kuwasha. Stata ya kawaida haimo kabisa katika Prius na Aqua, na altaneta haimo pia. Betri ndogo huchajiwa na chombo kinachoushusha umeme wa betri kubwa. Honda za awali zilikuwa na utaratibu tofauti kidogo: Insight ya kwanza iliwashwa na mota yake ya haibridi, lakini ilibakiziwa stata ya volti 12 kama akiba. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu wa aina moja asidhani kuwa ameshazijua zote.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona matokeo matatu yenye uzito.

La kwanza, betri ndogo ya haibridi huchoka bila kutoa taarifa. Kwa kuwa haizungushi stata, hakuna uvivu wa kusikika asubuhi. Huweza kudhoofika kwa miezi mingi huku gari likiwaka vizuri, mpaka siku umeme wake ukishuka chini ya kiasi ambacho kompyuta hukitaka. Siku hiyo kompyuta huamka nusu nusu na kuwasha taa za kila namna, na dereva hudhani gari zima limeharibika. Taa nyingi zilizowaka kwa pamoja katika gari lililokataa kuwaka mara nyingi ni kilio cha betri ndogo. Hivyo, jambo la kwanza kupimwa ni hilo, tena kwa mita ya volti ambayo kila fundi umeme anayo mfukoni. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima husoma volti 12 na nusu hivi. Taa ya READY ikiwaka, kipimo hupanda kufikia 14 au karibu yake, na hiyo ni dalili kwamba kile chombo cha kuichaji kinafanya kazi.

La pili, gari la haibridi haliwashwi kwa kusukumwa. Vijana wanne wa mtaani watatoka jasho la bure, kwa kuwa hakuna klachi ya kuiunganisha injini na magurudumu kwa namna ile ya zamani, na zile swichi nzito hazitafungwa bila kompyuta. Kulivuta Prius huku magurudumu yake ya mbele yakiwa chini ni hatari pia, maana magurudumu hayo huizungusha mota, nayo huzalisha umeme usiotakiwa.

La tatu, kinyume chake nacho ni kweli. Betri kubwa ikiisha kabisa, betri ndogo iliyo nzima haitaokoa safari, kwa kuwa nguvu ya kuizungusha injini hutoka kwenye betri kubwa. Hapo kuazima umeme wa gari la jirani kwa nyaya hakusaidii, na chaja za gereji zetu za mtaani haziwezi kuichaji. Ndiyo maana dereva wa haibridi asithubutu kuishiwa petroli na kujivuta kwa umeme mpaka kituoni. Ndiyo maana pia katika foleni ndefu asiliweke gari kwenye N huku kiyoyozi kikinguruma. Katika N betri kubwa haichajiwi, na kiyoyozi cha magari haya huinyonya betri hiyo hiyo. Aiache gia katika D na akanyage breki, au aweke P.

Kuhusu kuazima umeme, tunaomba wasomaji watuelewe vizuri. Betri ndogo ikiisha, inaruhusiwa kuisaidia kwa gari jingine la volti 12, na katika Prius tulizozitaja iko sehemu ya kugusishia waya wa chanya chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi, kwa hiyo si lazima kuifikia betri iliyoko nyuma. Ni rehema kwamba iko hapo, kwa sababu mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme, na betri ikifa buti nalo hukataa kufunguka. Lakini ole wake atakayekosea chanya na hasi. Kosa la sekunde moja huweza kuunguza fyuzi kubwa au chombo cha elektroniki chenye bei ya kuzidi betri yenyewe. Na aliye na haibridi asikubali kirahisi kuliwashia lori la jirani, maana vyombo vyake havikuundwa kubeba mzigo wa stata kubwa.

Jambo jingine linalodharauliwa ni aina ya betri ndogo inayonunuliwa. Kwa kuwa katika Prius hiyo betri imo ndani ya gari, pamoja na abiria, kiwandani huwekwa iliyofungwa kabisa, asidi yake ikiwa imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, na huwa na mrija wa kutolea hewa nje. Wako wanaoiondoa na kuweka yoyote iliyo rahisi dukani, yenye asidi ya kumwagika na isiyo na mrija. Mvuke wake hula chuma cha buti, na gesi yake haina budi kuvutwa na watoto waliokaa kiti cha nyuma. Rahisi ya namna hiyo ni ghali.

Sasa tuje kwenye betri kubwa, ambayo ndiyo inayowatoa watu machozi.

Kijana mmoja tunayemfahamu, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, alichukua mkopo katika chama chao cha kuweka na kukopa, akanunua Aqua kwa muuzaji wa mjini. Alipolikagua hakuona taa yoyote ya hatari, na muuzaji alimhakikishia akisema, "Angalia mwenyewe, ndugu yangu, dashibodi safi." Siku ya tisa taa ikawaka. Gereji iliyolisoma gari kwa mashine ilikuta betri kubwa imechoka, na ikakuta pia kwamba kumbukumbu za makosa zilifutwa muda mfupi kabla ya mauzo. Kijana hakuwa na fedha za betri nzima. Alibadilishiwa pakiti moja iliyokufa, akarudi barabarani. Baada ya wiki chache ikafa nyingine, kisha nyingine. Kila mara alipoteza siku za kazi, na marejesho ya mkopo hayakumsubiri.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu pakiti zile zimeungwa kwa mstari mmoja, umeme ukipita kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Pakiti moja dhaifu huwazuia wenzake wote, na kompyuta ikiiona tu huwasha taa. Ukiiondoa na kupachika nyingine, umeiondoa ile iliyotangulia kuanguka katika kundi la wazee wa umri mmoja. Wenzake wako njiani, na mgeni aliyeletwa hana nguvu sawa nao. Kubadilisha pakiti moja hufaa kama betri bado ni kijana na pakiti hiyo iliharibika peke yake. Katika betri iliyozeeka ni kununua wiki chache tu.

Betri hizi zimeundwa zidumu. Kompyuta haiiruhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Huiweka katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80, kwa kuwa kushiba mno na kufa njaa ndiko kunakozifupishia seli maisha. Lakini iko adui ambayo kompyuta haiwezi kuishinda peke yake, nayo ni joto. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililoko pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi letu huliziba tundu hilo na kuganda katika feni. Abiria nao huliegemeza begi, na wengine hulifunika kwa vitambaa vizuri vya viti. Betri inayopumua kwa taabu katika joto la Dar es Salaam, madirisha yamefungwa na gari limesimama juani, huzeeka upesi kuliko ile iliyokuwa Japani. Kusafisha feni na kichujio chake ni kazi ndogo isiyo na gharama ya kutisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umri nao una hesabu yake, hata kama kilomita ni chache. Gari lililokaa bandarini, melini na kwenye yadi kwa miezi mingi halikupumzika; betri zake zote mbili zilikuwa zikipoteza umeme polepole. Betri ndogo iliyokaa bila chaji huota ukoko wa chumvi ya risasi katika bamba zake, na baada ya hapo hata ikichajiwa hairudishi nguvu yake ya awali.

Mnunuzi afanye nini basi? Kwanza, asiridhike na dashibodi isiyo na taa. Taa hufutwa kwa mashine ndogo katika dakika moja, lakini ugonjwa haufutiki, na mficha maradhi kifo humuumbua. Adai gari lisomwe kwa mashine mbele yake, na aulize limetembea kilomita ngapi tangu makosa yalipofutwa mara ya mwisho, maana magari mengi huihifadhi hesabu hiyo. Jibu likiwa ni kilomita chache, amuulize muuzaji ni kosa gani lililofutwa na kwa sababu gani.

Pili, betri kubwa ipimwe ikiwa kazini. Katika Prius tulizozitaja, kompyuta huzisoma zile pakiti 28 mbili mbili, kwa mafungu 14, na mashine huonyesha volti za kila fungu. Gari likipanda mlima au likikimbizwa, mafungu yote yashuke pamoja na kupanda pamoja. Moja likishuka mbali na wenzake, huyo ndiye mgonjwa. Hata asiye na mashine anaweza kuangalia kipimo cha chaji kwenye dashibodi kwa nusu saa ya safari. Kikijaa haraka na kuisha haraka, mara juu mara chini ndani ya dakika chache, betri imebaki na tumbo dogo. Feni ya nyuma ikivuma muda wote kwa nguvu, hiyo nayo ni dalili.

Tatu, bei ya betri kubwa iulizwe kabla ya kununua gari, siyo baada ya taa kuwaka. Aliyeijua bei hiyo ataweza kuipunguza katika maelewano, au kuiwekea akiba, au kuacha gari hilo na kutafuta jingine.

Kwa mafundi wetu tuna neno pia, na tunalisema kwa heshima. Wengi wao walijifunza kazi kwa macho na mikono, chini ya miti na kando ya barabara, na wamelibeba taifa hili kwa miaka mingi. Lakini nyaya za rangi ya machungwa zilizomo katika magari haya hazimsamehe mtu. Umeme wake huua. Kabla ya kuzigusa ni lazima gari lizimwe, betri ndogo itenganishwe, glavu maalumu za umeme zivaliwe, plagi ya usalama ya betri kubwa ing'olewe, kisha fundi asubiri dakika 10 ili umeme uliobaki ndani ya inveta umalizike. Fundi asiye na glavu hizo wala mita asione haya kusema, "Hili siliwezi." Neno hilo ni sehemu ya ufundi, na huenda likamrudisha nyumbani kwa watoto wake jioni.

Tunatoa wito kwa VETA na vyuo vingine vya ufundi: mafunzo ya magari haya, pale yalipo yaongezwe, na pale yasipokuwapo yaanzishwe, tena yawafikie mafundi wa mitaani kwa saa za jioni, kwa kuwa hawawezi kuacha mkate wao kwa mwaka mzima ili wakae darasani. Tunatoa wito pia kwa wanaosimamia ukaguzi wa magari ya mitumba. Ikiwa breki na matairi ya gari hukaguliwa kwa ajili ya usalama, hali ya betri kubwa nayo iandikwe katika karatasi kwa ajili ya haki. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu. Atakayepoteza ni yule ambaye faida yake yote ilikuwa katika taa aliyoizima.

Hatusemi haya ili kuwavunja wananchi moyo. Magari ya haibridi yana manufaa ya kweli, na kwa nchi zinazonunua petroli yake kwa fedha za kigeni, kila lita inayookolewa foleni ni akiba ya wote. Tunachokipinga ni biashara inayosimama juu ya kutojua kwa mnunuzi.

Mwalimu wetu bado anaendesha Prius yake. Mita ya volti ameinunua ya kwake, huiweka katika sanduku la mbele, na kila mwisho wa mwezi huipima betri ndogo na kuandika kipimo katika daftari kama alivyokuwa akiandika mahudhurio. Kijana wa Aqua bado analipa mkopo wa gari ambalo ameshaliuza kwa hasara. Tofauti kati ya wawili hawa haikuwa akili wala bidii. Mmoja alipitiwa na mtu aliyejua, kabla hajalipa. Wajibu wetu sote, waandishi, mafundi, wauzaji na serikali, ni kuhakikisha kwamba ujuzi huo haubaki kuwa bahati ya mpita njia.